Mrembo huyu wa Edo alikuwa na jina lake

Ukutani mwa ofisi yangu mna kalenda ambayo miezi yake ilikwisha kitambo, lakini sijapata moyo wa kuitupa. Sababu ni picha yake. Ni nakala ya chapa ya mbao ya Kijapani ya mwishoni mwa karne ya 18, inayomwonyesha mwanamke kijana aliyevalia kwa umaridadi. Nywele zake nyeusi zimeinuliwa na kukazwa kwa kitana na vibanio, uso mweupe umechorwa kwa mistari michache mno, na kimono imemkaa kana kwamba ilizaliwa naye. Chini ya picha, mchapishaji wa kalenda ameandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "Mrembo wa Kijapani". Hakuongeza neno.

Muhula mmoja alikuja ofisini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuniletea insha aliyokuwa amechelewa kuiwasilisha. Nilipokuwa nikizisoma kurasa zake, naye akawa anaisoma kalenda yangu. Mara akauliza:

"Mwalimu, mbona mrembo huyu amechorewa sukuma wiki kando ya kichwa?"

Nilicheka, kisha nikaiweka insha kando. Wageni wengi wamepita ofisini humo wakamsifu mwanamke huyo kwa shingo yake na mavazi yake, wakaenda zao. Huyu alikuwa wa kwanza kukiona kijisanduku kilicho kwenye kona ya juu ya picha, ambamo mmechorwa mafungu mawili ya mboga za majani, mshale, bahari na shamba la mpunga. Nilimwambia kuwa hizo si sukuma wiki, na wala hazikuwekwa pale kuwa pambo. Hilo ndilo jina la mwanamke.

Makala haya ni jibu nililompa siku ile, nikiwa nimelirefusha kidogo kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wao. Nayaandika kwa kuwa nimekuja kuamini kwamba picha ya aina hii haitoshi kutazamwa. Sharti isomwe. Na anayeisoma hugundua kwamba nyuma ya umaridadi huo palikuwa na mvutano mkubwa juu ya jambo ambalo sote hulichukulia kuwa dogo, yaani haki ya mtu wa kawaida kutajwa kwa jina lake.

MBOGA NA MSHALE

Tuanze na fumbo lenyewe. Katika Kijapani, mboga za majani huitwa na, na neno la mbili ni ni. Sasa, kama vile Kiswahili kinavyomlazimisha msemaji kulibadili umbo la neno la hesabu kulingana na ngeli ya kinachohesabiwa, tukasema watu wawili, miti miwili na vitabu viwili, ndivyo Kijapani nacho kinavyomtaka msemaji aambatishe kwenye hesabu kipashio maalumu kulingana na aina ya kitu. Vitu vilivyofungwa mafungu huchukua kipashio wa. Kwa hivyo mafungu mawili ya mboga husomeka na-ni-wa. Mshale ni ya. Bahari ya mbali na ufuo huitwa oki. Shamba la mpunga ni ta. Yaunganishe yote, msomaji, nawe utapata: Naniwaya Okita.

Naniwaya lilikuwa jina la mkahawa wa chai uliokuwa karibu na hekalu kuu la mtaa wa Asakusa katika mji wa Edo, mji ambao tangu mwaka 1868 umeitwa Tokyo. Okita lilikuwa jina la msichana aliyewaandalia wateja chai mkahawani humo. Mnamo mwaka 1793 alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, na sifa za uzuri wake zilikuwa zimeenea mjini kote hata watu wakawa wanamiminika kwenda kumtazama. Mchoraji aliyezieneza sifa hizo kuliko wengine wote alikuwa Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806 akiwa bingwa asiye na kifani wa picha za wanawake.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa msichana alijulikana na kila mtu, kulikuwa na haja gani ya kuliandika jina lake kwa mboga na mshale? Jibu la swali hilo linatulazimu kwanza kuujua ulimwengu uliozaa picha zenyewe.

ULIMWENGU UNAOELEA

Chapa hizi huitwa ukiyo-e. Sehemu ya mwisho, e, ina maana ya picha. Sehemu ya kwanza, ukiyo, ni neno lenye historia ambayo kila mwanafunzi wa lugha angefaidika nayo. Hapo kale Wajapani waliliandika neno hilo kwa herufi zenye maana ya dunia ya huzuni, dunia ambayo mafundisho ya Budha yalimtaka mja asiitegemee kwa kuwa ni ya mateso na ya kupita. Lakini katika Kijapani sauti hizohizo zinaweza kuandikwa kwa herufi nyingine yenye maana ya kuelea. Katika karne ya 17, watu wa mjini wakalichukua neno la watawa, wakaacha matamshi yake yalivyo, wakabadilisha herufi moja, na dunia ya huzuni ikageuka kuwa dunia inayoelea. Ikiwa dunia ni ya kupita, walisema kwa mzaha huo, basi na tuifurahie kabla haijapita.

Waliofanya mzaha huo walikuwa na sababu zao. Tangu mwaka 1603, Japani ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa uliopanga watu kwa matabaka. Askari wa jadi, yaani samurai, waliwekwa juu, na wafanyabiashara wakawekwa chini kabisa, hata kama fedha zao ndizo zilizowalisha hao wa juu. Edo, mji ambao katika karne ya 18 ulikuwa na wakazi wapatao milioni moja, ulijaa watu wenye mali lakini wasio na cheo, na ambao hawakuruhusiwa kupanda cheo. Fedha zao wakazielekeza kwenye tamthilia za kabuki, kwenye mikahawa, kwenye mavazi, na kwenye mtaa wa Yoshiwara ambao nitaurudia. Picha za ukiyo-e zilikuwa magazeti na mabango ya dunia hiyo. Bei ya karatasi moja haikuwa mbali na ya bakuli la tambi. Hazikuchorwa ziwekwe katika majumba ya makumbusho. Zilinunuliwa na makarani, mafundi na wasafiri waliotaka kurudi kwao na zawadi ya mji mkubwa.

SARUFI YA MAVAZI

Mnunuzi wa Edo hakuhitaji kuelezwa mwanamke wa pichani ni nani katika jamii. Mavazi yalimweleza. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kimono ina sarufi, na ingawa walidhani natania, sikuwa natania.

Utazame kwanza mshipi mpana wa kiunoni uitwao obi. Katika picha za wakati huo, kahaba wa Yoshiwara aghalabu huwa ameufunga mbele, ilhali msichana wa mkahawa au mwimbaji huufunga nyuma. Itazame mikono ya vazi. Ikiwa mirefu yenye kuning'inia, huyo ni msichana ambaye hajaolewa. Utazame uso. Nyusi zilizonyolewa na meno yaliyotiwa weusi ni alama za mke wa mtu. Hesabu vibanio vya nywele. Vikimzunguka kichwani kama miale ya jua, umesimama mbele ya kahaba wa daraja la juu, na mara nyingi kando yake utaona visichana viwili vilivyovalishwa sare, navyo ni watumishi wake. Hata rangi zilizotulia zina maana. Serikali ilitoa amri mara kwa mara za kuwakataza watu wa kawaida anasa za mavazi, nao wakajifunza kuvaa mistari na rangi za kijivu kwa nje, wakaificha hariri ya fahari ndani, kwenye bitana.

Kwa hivyo umaridadi tunaouona si wa macho tu. Ni kauli. Kila fundo na kila mkunjo ni kiungo cha sentensi ambayo watu wa zama zile waliisoma kwa mtazamo mmoja, nasi tusipojifunza lugha hiyo hubaki tukistaajabia maandishi kama mtu asiyejua kusoma anavyostaajabia hati nzuri.

KIPANDE CHA MTI

Wahenga wetu walituonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika habari hii methali hiyo ni kweli tupu, neno kwa neno, kwani mrembo huyu alizaliwa kutoka katika ubao wa mti wa cheri.

Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji akachonga akipita katikati ya mistari, hata mchoro wa asili ukaangamia katika kuzaa ubao. Kila rangi ilihitaji uso wake wa ubao, na ili rangi zisikosane, alama mbili ndogo zilichongwa pembeni za kumwongoza mchapaji aiweke karatasi pale pale kila mara. Hapakuwa na mtambo wowote. Karatasi, iliyotengenezwa kwa nyuzi za mforsadi, ililazwa juu ya ubao uliopakwa rangi na kusuguliwa kwa mkono kwa kidude cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Ufundi wa kuchapa kwa rangi nyingi namna hii ulishamiri mwaka 1765 katika picha za Suzuki Harunobu. Kizazi kimoja baadaye, Utamaro na mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo, walifikia hatua ya kunyunyiza unga wa ulanga nyuma ya kichwa cha mwanamke ili karatasi imetemete kama kioo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni nywele. Pale utosi wa uso unapokutana na nywele, kila unywele ni uzi wa mti ulioachwa umesimama baada ya mbao za pande zote mbili kuondolewa. Kazi hiyo ilifanywa na mchongaji bingwa, na mwili na mavazi wakaachiwa wanagenzi wake. Hata hivyo, chapa yenyewe kwa kawaida ina saini ya mchoraji, alama ya mchapishaji na, kuanzia mwaka 1790, muhuri wa mdhibiti wa serikali. Aliyechonga zile nywele hatajwi. Aliyesugua karatasi hatajwi. Nasi tunapoanza kuuliza jina la mwanamke, hatuna budi kukumbuka kwamba hakuwa peke yake katika ukimya.

Methali ina ndugu yake: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Hili nalo ni kweli. Buluu iliyotumiwa na Utamaro ilitoka katika ua dogo la porini, nayo haivumilii maji wala mwanga. Chapa nyingi tunazoziona leo zimepoteza buluu na zambarau zao, zikabaki na rangi ya chai iliyopoa. Tunapousifu utulivu wa rangi hizo, pengine tunausifu uzee.

AMRI

Sasa tulirudie swali la mboga na mshale.

Kati ya mwaka 1787 na 1793, mtawala mwenye nguvu serikalini, Matsudaira Sadanobu, aliendesha kampeni ya kurejesha maadili na kubana matumizi. Mwaka 1790 ikaamriwa kwamba kila chapa ikaguliwe na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa. Mwaka 1791 Tsutaya, mchapishaji wa Utamaro, alinyang'anywa nusu ya mali yake kwa sababu ya vitabu alivyovitoa, na mwandishi wa vitabu hivyo, Santo Kyoden, akafungwa pingu za mikono kwa siku 50. Hapo kila mwenye kalamu na kila mwenye patasi alijua mambo yamebadilika.

Karibu na mwaka 1793, Utamaro alitoa picha ambayo huenda ndiyo maarufu kuliko zote alizochora, ya warembo watatu wa wakati huo. Kati yao alikuwamo Okita. Wa pili alikuwa Ohisa wa nyumba ya Takashima, naye msichana wa mkahawa. Wa tatu alikuwa Tomimoto Toyohina, mwimbaji stadi wa Yoshiwara. Ukizitazama nyuso hizo kwa haraka utadhani ni uso mmoja uliorudiwa mara tatu. Ukitulia, utaona pua ya mmoja imepinda kidogo, macho ya mwingine yameinuka, shavu la mwingine limejaa. Kila mmoja pia ana nembo yake kwenye vazi. Chapa hiyo ipo ya namna mbili. Ziko nakala zenye majina ya wasichana kando ya vichwa vyao, na ziko nakala ambazo majina hayamo.

Mwaka huo wa 1793 ndio serikali ilipopiga marufuku kuandikwa kwa majina ya wanawake katika chapa, isipokuwa majina ya makahaba wa Yoshiwara. Soma tena sharti hilo, msomaji. Picha haikukatazwa. Uso haukukatazwa. Kilichokatazwa ni jina, na jina lililokatazwa ni la msichana wa chai, binti wa watu wa kawaida.

Waswahili husema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Utamaro na wenzake hawakuandika jina. Walichora mboga. Katika mfululizo wa picha za warembo mashuhuri uliotoka mwaka 1795 na 1796, kijisanduku cha kona kikasema kwa sauti ya vitu yale ambayo herufi zilikatazwa kuyasema. Mdhibiti angeweza kuapa kwamba hakuona jina lolote, na kijana wa Edo aliyelinunua karatasi angepata raha ya ziada ya kulifumbua fumbo akiwa na marafiki zake. Wanaodhani kwamba fonolojia ni somo kavu lisilo na faida duniani wangefaa kukitazama kijisanduku hicho. Usawa wa sauti baina ya bahari na kipande cha jina la msichana ulitosha kuivuka sheria ya dola.

Dola nayo haikulala. Mwaka 1796 mafumbo hayo ya picha yakapigwa marufuku. Mwaka 1800 zikapigwa marufuku hata picha zenye kuonyesha vichwa vya wanawake kwa ukubwa, kwa maana zilivutia macho mno. Mwaka 1804 Utamaro mwenyewe aliingia matatani kwa picha zilizomwonyesha Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyefariki mwaka 1598, akiburudika pamoja na wake zake. Kuwachora watu wa zama hizo na kuwataja kulikatazwa. Mchoraji akafungwa pingu kwa siku 50. Miaka miwili baadaye akafa.

Kwa nini dola yenye majeshi iliogope jina la msichana wa miaka 16? Nionavyo mimi, katika jamii iliyopangwa kwa matabaka, jina lenye sifa ni mali ya walio juu. Hao ndio wenye nasaba, ndio wanaoandikwa katika tarehe. Jina la binti wa mkahawa likibandikwa ukutani katika kila mtaa, likatajwa kwa heshima na makarani na mafundi, huwa ni kama kusema kwamba sifa haihitaji kibali cha mkuu. Picha ya mrembo asiye na jina ni pambo. Picha ya Okita ni habari.

JINA LA NYUMBA

Lakini tusiikubali hadithi ya mchoraji shujaa na dola katili bila kuitia kwenye mizani. Liangalie tena lile sharti la mwaka 1793: isipokuwa makahaba wa Yoshiwara. Kwa nini wao waliruhusiwa kutajwa?

Yoshiwara ulikuwa mtaa ulioidhinishwa na serikali yenyewe. Ulianzishwa mwanzoni mwa utawala wa Tokugawa, ukahamishiwa nje kidogo ya mji baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657, ukazungushiwa handaki la maji na kuwekewa lango moja. Wengi wa waliokuwa ndani waliuzwa na wazazi maskini wangali watoto, wakafungwa na mikataba ya miaka mingi na madeni yaliyokuwa yakikua badala ya kupungua. Kutaja jina la kahaba katika chapa lilikuwa tangazo la biashara halali. Na jina lililotajwa halikuwa lake. Lilikuwa jina la nyumba. Katika nyumba ya Ogiya, kwa mfano, jina Hanaogi lilirithiwa na wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Aliyelivaa akiondoka, aliyefuata alivalishwa jina hilo, kama anavyovalishwa joho.

Hapo ndipo ninapoiona maana kamili ya amri ile. Jina la kupewa, lililokuwa chombo cha kumuuza mwanamke, liliruhusiwa. Jina la kuzaliwa au la nyumbani, ambalo mtu alilitembea nalo mtaani, lilikatazwa.

Utamaro aliijua Yoshiwara kwa karibu, na hatuwezi kumwondolea lawama ya kuipamba. Hata hivyo, mara nyingine mkono wake ulisema zaidi ya alichoagizwa na biashara. Katika mfululizo wake wa saa kumi na mbili za Yoshiwara, wa mwaka 1794 hivi, iko picha ya saa ya Ng'ombe, yaani usiku wa manane. Mwanamke ameamka, vazi limemteleza, usingizi umemjaa machoni, na mkononi ameshika kipande cha karatasi kinachowaka ili kimmulikie huku mguu wake ukitafuta kiatu gizani. Umaridadi bado upo. Lakini anayetazama kwa makini huona uchovu wa mtu ambaye kazi yake haijaisha. Katika hekalu la Jokanji, si mbali na pale palipokuwa na mtaa huo, wamezikwa maelfu ya wanawake wa Yoshiwara waliokufa bila jamaa wa kuwazika. Mfumo wa mitaa ya aina hiyo ulikoma kisheria Japani mwaka 1958.

Wala sisemi kwamba kutajwa ni kukombolewa. Okita alitajwa, na umaarufu wake uliuza chai ya wengine na karatasi za wengine. Ninachosema ni kwamba penye jina, walau swali huweza kuulizwa: mtu huyu alikuwa nani, na alifaidika na nini? Pasipo jina hata swali halizaliwi.

KUTOKA EDO HADI KWENYE LESO

Amri za Edo zilikwisha pamoja na utawala wa Tokugawa mwaka 1868. Jambo la kusikitisha ni kwamba kusahaulika kwa majina hakukwisha. Chapa hizi zilipofika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, ziliwashangaza wachoraji wa Paris. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi huko, alitazama maonyesho ya mwaka 1890 kisha akachapa picha kumi za rangi za wanawake katika shughuli za nyumbani, na wino wa Utamaro unaonekana humo waziwazi. Mwaka 1891 Edmond de Goncourt alitoa kitabu kizima juu ya Utamaro. Mchoraji akapata jina duniani. Wanawake wake, machoni mwa watazamaji wengi, wakabaki kuwa warembo wa Kijapani. Alichokifanya mdhibiti kwa amri, mtengenezaji wa kalenda alikifanya kwa uvivu.

Hapa pwani tunalo jambo la kulinganisha, na uhusiano wake na Japani si wa kubuni. Katika karne ya 20, viwanda vya Japani vilichapa leso nyingi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, na yumkini wachapaji wake walipanga kwa uangalifu maneno ya Kiswahili ambayo wao wenyewe hawakuyafahamu. Maneno hayo yanayoandikwa kwenye leso, kama ajuavyo kila mwanamke wa Mombasa au Lamu, huitwa jina. Leso isiyo na jina haijakamilika. Mwanamke ambaye adabu inamkataza kumjibu jirani yake huvaa leso yenye jina la kumjibu, akapita mlangoni pake kimya, na ujumbe ukafika. Mbinu ya Edo na mbinu ya pwani hazikufundishana, lakini zinathibitisha sheria moja: mdomo ukifungwa, maana hutafuta mlango mwingine, na mara nyingi huupata kwenye nguo na kwenye picha.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasiache picha zilizomo katika vitabu vya shule ziwe za kujaza nafasi. Mwanafunzi aulizwe: nani amechorwa? Nani amechora, nani amechapa, na nani alilipwa? Nani hakutajwa, na kwa nini? Kona ya picha ina nini? Maswali hayo hayahitaji maabara wala fedha za wafadhili. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza swali la sukuma wiki. Lile swali lililonichekesha lilikuwa bora kuliko insha iliyokuwa mkononi mwangu, na nilimwambia mwenyewe hivyo.

Kabla hajaondoka, aliniomba kalamu ya risasi. Akasimama mbele ya kalenda, na chini ya maneno ya mchapishaji akaandika kwa hati ya polepole: Okita, wa mkahawa wa Naniwaya, Edo. Kisha akaichukua insha yake, akaahidi kuirudia upya, akaenda zake. Kalenda hiyo bado ninayo.